Kwa Nini Mkono wa Mama Yako Unapigwa Picha Zaidi ya Mara Moja

Mwezi uliopita kijana mmoja alitushutumu mbele ya wagonjwa kwamba kliniki yetu hapa Ngamiani, Tanga, imegeuza eksrei kuwa mradi, kwa kuwa mama yake, aliyeteleza akitawadha akavunjika mkono, alipigwa picha alipofika, akapigwa tena baada ya kuvutwa mfupa, na bado tulimtaka arudi siku ya nane kwa picha nyingine. Si wa kwanza kulalamika.

Mzee akianguka akiwa amesimama tu, na kifundo cha mkono kikavunjika, mara nyingi mfupa huo ulikwisha kudhoofu, una matundu kama boflo. Ukivunjika hupondeka, na hata tukiunyoosha, palipopondeka hubaki uwazi usioushikilia. Siku zinazofuata uvimbe hupungua, hogo, yaani plasta ngumu inayoushikilia mkono, hulegea, na mfupa huweza kurudi kupinda bila maumivu ya kumshtua mgonjwa. Picha ya siku ya nane huukuta ungali laini, ukiweza kuvutwa upya. Wiki tatu zikipita, umekwisha kuanza kushika. Wala hatuitafuti picha hiyo ili tumpeleke mtu kupasuliwa, maana wazee wengi hufanya kazi zao vizuri na mkono uliopinda kidogo.

Wapo pia wanaosema bei yetu ya kufunga hogo iko juu. Lakini kazi yenyewe ni hii: pete iliyozama kwenye kidole kilichovimba tunaitoa kwa uzi na sabuni, tunazungusha pamba, kisha tunalikanda hogo kwa kiganja tangu likiwa na joto mpaka ligande, na tunalikomesha kwenye mkunjo wa kiganja ili vidole vyote vikunjike. Mvuvi mmoja wa Sahare aliliroweka lake baharini wiki ya pili kwa sababu ya muwasho, akalibandua, akachuliwa kwa mafuta ya nazi. Matibabu ya pili yalimgharimu kuliko yote ya mwanzo.

Yule kijana hakumrudisha mama yake siku ya nane. Alimleta wiki ya sita kufunguliwa hogo, na mfupa ulikuwa umeungia upande. Tumemwanzishia mazoezi, na tumempa barua ya kwenda kwa daktari kuhusu dawa za mifupa, kwani mfupa wa namna hii ukivunjika mkononi, nyonga nayo imo hatarini. Vidole vinakunjika vyema, ila kiganja hakigeuki juu, na akiomba dua huinua mkono mmoja.

Kuanzia sasa gharama ya picha zote tatu itaandikwa kwenye karatasi ya siku ya kwanza.