Betri ya sola ikifa, irudi dukani

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo linaloninyima usingizi.

Nyuma ya nyumba yetu hapa Uyole yupo kijana anayenunua vyuma chakavu. Jumamosi moja nilimkuta anapasua betri ya sola kwa shoka. Tindikali ilitiririka kwenye mfereji unaoteremkia bustani za kabichi. Pembeni, kwenye jiko la mkaa, madini ya risasi yaliyotoka ndani ya betri yalikuwa yakiyeyuka kwenye sufuria kuukuu, yanang'aa kama kioo. Kijana huyamimina kwenye vishimo vya udongo, akapata vipande vya kuwauzia wavuvi wa Kyela kwa ajili ya nyavu. Mdogo wake wa miaka kama mitatu alikuwa akichezea vipande vya ndani ya betri, mikono ya kijivu, kisha anaitia mdomoni. Nilimbeba nikamnawisha. Kaka yake akaniambia, "Mama, hii ndiyo inatulisha." Simlaumu.

Zaidi ya nusu ya uzito wa betri za aina hiyo ni risasi. Mwili wa mtoto huifyonza mara nne hadi tano kuliko wa mtu mzima, na ubongo ukishaathirika haurudi ulivyokuwa. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango chake kilicho salama. Jirani zetu wa mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, nchini Kenya, waliathiriwa na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu. Mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya, lakini rufaa ziliwazungusha hadi Desemba 2024, Mahakama ya Juu ilipowapa haki yao.

Sola naipenda. Imetuondolea vibatari katika vijiji vya milimani ambako nguzo hazijafika. Ila betri ndogo ya nyumbani hufa baada ya miaka michache, na nilipoirudisha yangu dukani niliambiwa, "Peleka skrepa." Skrepa yenyewe ni kwa kijana huyu huyu.

Kila anayeuza betri alazimishwe kuipokea iliyokufa na kumpunguzia mteja bei ya mpya, tena punguzo lizidi anacholipa mnunuzi wa vyuma chakavu, maana bila hivyo hakuna atakayeirudisha. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira tunayo tangu 2004, na NEMC, baraza la taifa linalosimamia mazingira, wana ofisi ya kanda hapa hapa Mbeya. Waanzie maduka ya Mwanjelwa.

Na yule mtoto apimwe damu wiki hii.

Mkazi wa Uyole,
Mbeya