Barua kwa wifi yangu: usiku wa maboga hapa Des Moines

Wifi yangu,

Umeniuliza kama uwazuie wanao kutoka mwisho wa Oktoba, maana shuleni wameshawajaza habari za Halloween, ule usiku wa tarehe 31 ambao Wamarekani huchonga maboga na watoto huvaa mavazi ya kuigiza wakaombe pipi nyumba kwa nyumba, na kaka yangu anasema hayo ni mambo ya mashetani. Mimi nasema msiwazuie. Ifanyeni iwe yenu. Na mmebahatika kuhamia Des Moines, huku Iowa.

Hapa, kwa desturi, mtoto hapewi pipi hivi hivi. Akishagonga mlango, kwanza atoe kichekesho au fumbo, ndipo mwenye nyumba atie mkono bakulini. Walianza mwaka 1938, baada ya vijana kuzoea kuharibu mali za watu usiku wa tarehe 31. Mji ukawatengea watoto usiku wao tarehe 30, wakauita Beggars' Night, yaani usiku wa ombaomba. (Mwaka 2024 ulisogezwa hadi tarehe 31 kwa sababu ya hali ya hewa, kwa hiyo tazama tangazo la mji, usinitegemee mimi.)

Sisi tuliolazwa kwa vitendawili tutashindwaje na hilo? Wiki ile, mkishakula chakula cha jioni, zimeni televisheni mtegeane. Anza na vyepesi: nyumba yangu haina mlango, kuku wangu katagia miibani. Asiyejua atoe mji, na usimwonee huruma hata kama ana miaka minne. Wangu siku hizi hawatoi Tanga wala Lindi, wanatoa Chicago. Cha yai ndicho cha kwenda nacho kwa majirani, kinaelezeka kwa Kiingereza bila kupungua. Nanasi acheni nyumbani.

Maboga makubwa wanayorundika madukani ni ya kuchonga tu, yamejaa maji, hayana utamu. Kisu ashike kaka, watoto wachote mbegu kwa kijiko; zioshe, zikaushe, zikaange na chumvi. La kula nunua lile dogo la pai, ulipike kwa tui zito na iliki. Kaka akinung'unika kwamba si asili yetu, mwambie Waayalandi kwao walichonga tanipu, mboga ya mzizi, wakaja Marekani wakakuta maboga, wakahamia hayo. Sisi tukiongeza nazi tutakuwa tumemkosea nani?

Mavazi yasikusumbue. Mafuvu na damu za rangi sizitaki kwa watoto wa umri huo, wataamka usiku wakilia na atakayeamka nao ni wewe. Mmoja awe Sungura, mwingine Fisi: masikio ya kadibodi, kanga kuukuu, rangi kidogo usoni badala ya kinyago kinachoziba macho. Ila vazi lipimwe juu ya jaketi. Baridi ya Iowa haimwogopi Fisi.

Nyumba iliyowasha taa ya barazani inakaribisha, iliyozima, piteni. Mkirudi, kagua mfuko kabla hawajaanza kutafuna: pipi ngumu na karanga nzima mdogo asipewe, zinakaba.

Na ninyi msizime taa mkajifungia ndani. Kaka abaki mlangoni na bakuli lake, adai fumbo kwa kila anayekuja. Wakija wale warefu walioanza kuota ndevu, adai mawili.