Barua kwa mwanangu: mjomba wako hakupigwa risasi

Marahaba baba. Meseji yako niliiona tangu asubuhi ila sikutaka kukujibu kwa kifupi, nimesubiri kazi ziishe, ng'ombe wameshakula, ndo nimekaa sasa niandike.

Unakumbuka Krismasi, tumekaa sebuleni ikatajwa habari ya wale askari wetu 14 wa kulinda amani waliouliwa Congo Desemba 2017, wewe ukasema mama hao si walikuwa kazini, si wanalipwa, mbona dereva wa boda akifa kazini hapigiwi mizinga wala kufunikwa bendera. Baba yako akakugombeza ukanyamaza. Ila mimi niliona umegombezwa tu, hukujibiwa, na tangu siku ile linanikaa moyoni maana swali lenyewe si la kijinga hata kidogo.

Kwanza kuna kitu nilikudanganya. Mjomba wako, huyo uliyepewa jina lake, miaka yote nimekwambia alipigwa risasi Uganda akipambana na majeshi ya Amin. Si kweli mwanangu. Alikufa kwa ajali ya lori.

Alikuwa mgambo hapa Kibosho, kijana wa miaka 20, mie niko darasa la tatu. Amin alipoivamia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978 na Mwalimu akatangaza redioni kwamba tutampiga, migambo wakaanza kuitwa, na yeye akaondoka kabla ya Krismasi. Nakumbuka bibi yako alimfungia ndizi za kuchoma kwenye jani la mgomba, akazipokea akacheka akasema mama naenda vitani siendi shambani, lakini akazibeba. Aprili 11 Kampala ilipotekwa hapa kijijini ilikuwa kama harusi, mbege ilinywewa mpaka usiku, na sisi tukajua basi, huyo anarudi. Akafa Mei. Kampala imeshaanguka, sisi tumeshashangilia, yeye bado yuko kwenye barabara za kaskazini huko wakiwafuata waliokimbia. Mwenzake mmoja wa Rombo alikuja mwaka uliofuata ndo akatusimulia, walipandishwa usiku kwenye lori la unga na maharage, dereva hajalala siku mbili, likaacha njia likapinduka. Yaani aliyemuua ni usingizi wa mtu mwingine, tena mtu wa upande wetu.

Taarifa yenyewe aliileta balozi wa nyumba kumi. Alisimama mlangoni kavua kofia, hajasema neno, bibi yako akakaa chini pale pale kwenye matope. Sasa msibani watu wakawa wanamuuliza babu yako, alikufa akipigana? Akajibu ndiyo. Hata baada ya yule wa Rombo kutusimulia hakuna aliyerudi kusahihisha, na mimi nikakua nalo, nikakupa na wewe. Tuliona aibu. Eti kufa kwa lori ni kifo kidogo.

Na hapo ndo ninapotaka unisikilize. Vita ile ilituchukulia askari 373, na katika hao waliouliwa na adui kwenye mapigano ni 96. Wengine wote ni ajali, magonjwa na mambo ya namna hiyo. Kwa hiyo ukisema cha thamani ni risasi, basi wengi wa waliokufa umewatupa nje.

Dereva wa boda, Mungu amrehemu, akiona mvua kubwa anaegesha chini ya mti. Akiona abiria hamwelewi anakataa. Askari akiambiwa panda lori, anapanda. Hata kama anamwona dereva anasinzia anapanda, hana pa kusema leo sipandi. Na aliyemwambia apande si mkubwa wake peke yake, ni sisi, sisi tuliokuwa tunapiga makofi redio ikisema tutampiga. Tulimtuma mwanangu. Mtu ukimtuma mtoto wa jirani dukani akagongwa na gari, utamwambia mama yake si nilimpa hela ya pipi? Mshahara ni ile hela ya pipi. Halafu huyu wetu mgambo hata huo mshahara sijui kama aliuona, maana bibi yako alizungushwa kwenye ofisi moja miaka mpaka akachoka akaacha.

Wewe unashinda Kariakoo kutwa nzima unauza makava ya simu, hujui umesimama juu ya nini. Jina hilo ni Carrier Corps, kikosi cha wapagazi, Waingereza walikuwa na kambi yao hapo baada ya kuitwaa Dar kutoka kwa Wajerumani mwaka 1916, kwenye Vita ya Kwanza ya Dunia. Hapa kwetu Moshi waliingia Machi mwaka huo huo wakitokea upande wa Taveta. Mizigo yao ilibebwa na watu weusi, vichwani, wengine walichukuliwa kwa nguvu, na wakafa kwa kuhara damu na homa na njaa, upande wa Waingereza peke yake wanatajwa zaidi ya 90,000. Na wao pia hawakufa kwa risasi, walibeba mpaka wakaanguka. Ukienda pale Posta kwenye sanamu ya Askari, ile ya mwaka 1927, soma maandishi chini, yanawataja wapagazi kuwa walikuwa miguu na mikono ya jeshi, na yanasema ukifa kwa ajili ya nchi yako watoto wako watalikumbuka jina lako. Lakini jina hata moja halijaandikwa pale! Huku Moshi makaburi ya wanajeshi wa Waingereza yapo, kila mtu na jiwe lake na jina lake. Mpagazi kaachiwa soko.

Na mjomba wako alikufa hana mtoto. Sasa huyo nani atalikumbuka jina lake? Ndo ukaitwa wewe.

Usidhani nasifu vita. Bibi yako siku ile ya Kampala hakunywa mbege, alikwenda kukata majani ya ng'ombe, akaniambia na huko kuna mama analia leo. Hajawahi kufika Uganda, lakini alijua wale vijana wa Amin na wao walipandishwa malori.

Nilipokwenda Kaboya, kule Muleba walikozikwa mashujaa wa vita ile, nilibeba majani ya sale, yale sisi Wachaga tunayopanda makaburini, kutoka kihambani kwetu, nimeyafunga kwenye khanga iliyoloa yasinyauke njiani, safari yenyewe unaijua, na abiria wa pembeni ananiuliza mama hiyo ni mboga gani. Makaburi yako mistari mistari, meupe. Nilitembea mstari kwa mstari mpaka nikaliona jina. Nilishindwa kulia, nikawa natoa udongo wa mchwa kwenye saruji kwa kucha, natoa tu, mpaka askari aliyekuwa pale akaja akainama akanisaidia, hajaniuliza chochote. Udongo kidogo nikauchota kwenye kopo la Kimbo nikarudi nao. Uko pale kwenye kona bibi yako alipopanda masale mwaka ule wa 1979 kwa sababu hakuwa na mtu wa kuzika.

Nimeshaongea na shangazi zako, sitaki tena mtu aseme alipigwa risasi. Ukiulizwa na wanao sema lori. Sema alikuwa anapeleka unga.

Mvua za masika zimeotesha magugu pale kwenye masale mpaka hayaonekani, mgongo wangu haukubali kuinama. Ukija Desemba njoo na jembe jipya, hili la hapa limekwisha mdomo.

Mama yako.