Barua kwa Rashidi: Datsun 240Z ya Safari kwa kipimo cha 1/24

Tanga

Kaka Rashidi,

Asalaam aleikum. Natumai shemeji na watoto hawajambo, na kwamba goti la mama limepata nafuu. Huku sote wazima.

Umeniuliza mambo mengi kwa mpigo kuhusu modeli ya plastiki ya 240Z unayotaka kuunganisha: keji ya mabomba inayomlinda dereva gari likipinduka, mikanda ya siti, nyaya za injini. Yote yana nafasi yake, lakini mtu anayeijua 240Z hatatazama mikanda. Kutoka upande wa pili wa meza ataona mambo matatu tu: gari limesimamaje, matairi yana ukubwa gani, na pua ina urefu gani. Hayo yakikosewa, mikanda ya siti haitakuokoa. Kwa hiyo weka gundi pembeni kwanza, ushike rula ya chuma au kalipa, kile kipimo chenye taya mbili.

Tukubaliane pia ni gari lipi. Unalotaka wewe ni lile lililoshinda East African Safari Rally ya Pasaka 1971, la Edgar Herrmann na Hans Schüller: namba 11, bodi nyekundu, boneti nyeusi. Mwaka huohuo Shekhar Mehta alishika nafasi ya pili kwa 240Z nyingine, kisha akashinda yeye mwaka 1973, tena kwa 240Z. Ndiyo maana ukitafuta picha za "Datsun ya Safari" utaletewa magari tofauti yamechanganywa, na ukichukua taa za hili na stika za lile utajenga gari ambalo halikuwahi kukanyaga barabara yoyote. Weka picha za 1971 peke yake. Gari lenyewe lipo mpaka leo kwenye mkusanyo wa Nissan kule Zama, Japani, ila limeshakarabatiwa. Picha zake za sasa zitakufaa kwa umbo la bodi na kwa mambo ya ndani. Kwa taa, antena, madoa na mikwaruzo sikiliza picha za mwaka ule tu. Na chagua saa moja ya mashindano. Gari la jukwaa la kuanzia ni safi na lina kila kitu. La mwisho limepungukiwa na limejaa tope. Huwezi kuwa na yote mawili.

Sasa vipimo. Kila milimita ya modeli ni milimita 24 za gari, kwa hiyo kosa linaloonekana dogo kwenye meza si dogo hata kidogo. Kati ya ekseli na ekseli 240Z ina milimita 2305, sawa na 96 za modeli. Urefu wa gari la kuuzwa nje ya Japani ni 4135, yaani 172.3. Upana 1630, yaani 67.9. Kati ya tairi na tairi, katikati kwa katikati, mbele ni 1355 na nyuma 1345, yaani 56.5 na 56. Kimo cha gari la kawaida ni 1285, yaani 53.5, ingawa hicho kwa gari la Safari tutakipandisha.

Pima bodi kabla ya kukata chochote. Ukipata urefu unaokaribia milimita 179 na upana wa 70, ulichonunua ni 240ZG, ile yenye pua ndefu na madigadi ya kubandika. Hiyo iliingia sokoni Japani baadaye mwaka 1971, baada ya mashindano. Madigadi ya kubandika si tatizo, kwani mara nyingi huja yakiwa vipande vya pekee: usiyabandike, na usitoboe vile vishimo vilivyoandaliwa upande wa ndani wa bodi. Pua ndiyo kazi. Kama boksi la modeli ulilonunua lina pua zote mbili umepona. Kama lina ndefu tu, ushauri wangu ni kutafuta boksi la Z ya kawaida. Kuichonga pua fupi kutoka kwenye puti inawezekana, lakini mashavu ya taa kubwa yana mkunjo ambao lazima ufanane kulia na kushoto, na tofauti ya nusu milimita kwenye uso wa gari inaonekana kuliko kosa jingine lolote.

Boksi la soko la Japani litakuwa pia na maandishi ya Fairlady, jina la Z huko Japani, kwenye madigadi. Yakwangue kwa ubavu wa kisu, kisha msasa namba 600 halafu 1000. Vioo vya pembeni vifuate picha, si karatasi ya maelekezo. Na geuza gari uangalie mlango wa nyuma: magari ya kwanza ya aina hii yalikuwa na matundu mawili ya hewa chini ya kioo cha nyuma, na katika mwaka 1971 yakahamishiwa kwenye nguzo za pembeni, chini ya nembo ya duara. Modeli inayofuata gari la baadaye itakuwa na nembo hiyo ya duara. Linganisha na picha, ujaze kwa puti au uchonge sasa, maana baada ya rangi umechelewa.

Kisha matairi, na hapa ndipo maboksi mengi yanapoharibu. Watengenezaji hupenda gari liwe chini, na tairi pana lenye ukuta mwembamba, kwa sababu hivyo ndivyo vijana wa mjini wanavyozipamba Z zao. Tairi la kawaida la 240Z lilikuwa 175 kwa rimu ya inchi 14. Hesabu yake: rimu milimita 14.8, upana wa tairi 7.3, kimo cha tairi zima karibu 26.5. Ukipima la kwenye boksi ukapata kimo cha 25 au upana wa 9, litupe. Tafuta tairi kutoka modeli nyingine ya gari la miaka hiyo, au la kuchapwa kwa printa ya 3D. Ukilazimika kulipunguza la mpira, kata mkanda wa katikati kwa wembe mpya, unganisha kwa supagluu nyembamba, kisha lizungushe kwenye drili ndogo huku umeshika msasa namba 400. Kiungo kitafichwa na tope.

Onyo moja kuhusu mpira huo: tairi laini la vinaili hutoa mafuta ambayo kwa miaka huila plastiki, na siku moja utakuta rimu imeyeyuka na kunata. Paka rimu rangi ya enameli, uiache ikauke kabisa, au zungushia ukanda mwembamba wa foili ya alumini kabla ya kuivisha tairi.

Kuhusu kusimama kwa gari. Funga chesisi na bodi kwa tepu ya karatasi, weka matairi bila gundi, litazame kwa usawa wa meza. Kwanza uone kama tairi limekaa katikati ya tao la madigadi. Ikiwa ekseli ziko milimita 96 barabara lakini tairi la mbele limeegemea nyuma, kosa liko kwenye tao au kwenye mikao ya chesisi. Nenda na jicho, sogeza ekseli, kwa kuwa tao ndilo linaloonekana. Tanua tundu la ekseli kuwa mfereji, sogeza, jaza nyuma yake kwa kipande cha plastiki cha unene wa 0.5. Halafu pandisha. Gari la Safari lilinyanyuliwa ili lipite kwenye mawe na mitaro, kwa hiyo milimita 1 hadi 1.5 juu ya kimo cha kawaida inatosha, mbele na nyuma. Pandisha kwenye shokapu, kwa kuweka pete za plastiki chini ya vikombe vya springi, wala usiweke vipande kati ya bodi na chesisi. Ukifanya hivyo sakafu itaonekana ikining'inia chini ya milango. Hakikisha magurudumu yote manne yanagusa kioo cha meza kabla gundi haijashika.

Plastiki ya bodi ina unene wa karibu milimita 1, sawa na bati la milimita 24. Hakuna gari la hivyo. Huwezi kuikonda yote, lakini kingo zinazoonekana unaweza: kwangua kwa ndani kingo za matao ya magurudumu, sehemu ya chini ya bampa na mdomo wa shoo, mpaka ukingo ubaki kama 0.3. Tumia kisu chenye ncha ya mviringo, pole pole, ukishika bodi dhidi ya mwanga ili uone plastiki inapoanza kupitisha nuru. Hapo simama.

Mistari ya milango nayo ichimbue kabla ya rangi. Nafasi ya mlango wa kweli ni kama milimita 5, kwa hiyo 0.2 kwenye modeli. Maboksi huwa na mistari mipana na mifupi kwa kina, na andakoti pamoja na rangi huijaza. Ongeza kina, usiongeze upana: mapito mepesi kumi ya sindano butu ni bora kuliko mawili ya nguvu, maana kwenye la nguvu sindano huteleza kwenye kona ya mlango na kukata madigadi. Ikiteleza, tone la supagluu, msasa, rudia.

Kwenye taa kubwa pima kioo chake: inchi 7 halisi ni milimita 7.4. Chini ya kioo paka fedha, si kromu ya boksi. Ile kromu ni nene na huficha mistari. Ioshe kwa dawa ya klorini ya kufulia, itatoka ndani ya saa moja au mbili.

Rangi. Ukinunua boksi la plastiki nyekundu, angalia: rangi ya laka juu yake huvuta wekundu wa plastiki, na nyeupe yako itageuka pinki. Piga andakoti ya kijivu tabaka mbili nyembamba, iache siku nzima, kisha nyeupe. Na hapa usitegemee stika kwa zile sehemu nyeupe za namba. Stika nyeupe juu ya nyekundu hupitisha wekundu. Piga bodi yote nyeupe kwanza, funika sehemu za namba kwa tepu iliyokatwa umbo lake, ndipo upulize nyekundu. Laka iliyochanganywa na thina moja kwa moja na nusu, presha ya bar 1 hadi 1.4, umbali wa sentimita 10 hadi 15. Ukipuliza kwa mbali rangi hukauka hewani na kutua kama vumbi. Kwa karibu hutiririka kwenye kingo za madigadi. Tabaka nne nyembamba, dakika kumi kati yake. Siku za unyevu mwingi usipulize kabisa, rangi itafuka ukungu mweupe.

Boneti ilipakwa nyeusi isiyong'aa ili jua lisimchome dereva machoni. Usitumie nyeusi tupu: kwenye kitu kidogo huonekana kama shimo. Tia kijivu, sehemu moja kwa nane. Namba na maandishi madogo ndiyo ya stika. Maji ya vuguvugu, nusu dakika, kisha dawa ya kulainisha ili ikae kwenye mistari ya mlango. Vanishi juu yake ianze kwa ukungu mwepesi mara mbili tatu. Ukimwaga tabaka zito la vanishi siku ya kwanza stika zitajikunja mbele ya macho yako.

La mwisho ni tope, kama umechagua picha ya katikati ya mashindano. Usichukue udongo wa uani. Punje ya milimita 0.1 ni kokoto ya milimita 2.4 kwenye kipimo chako, na gari litaonekana limemwagiwa changarawe. Saga chaki za kuchorea, uchanganye na vanishi isiyong'aa. Udongo mwekundu na udongo wa mbuga hautoi rangi moja: mwekundu ukikauka hubaki na joto la kutu, wa mbuga ukilowa ni mweusi lakini ukikauka huwa kijivu. Tope zito liwe ndani ya matao, nyuma ya magurudumu na chini ya milango, likipungua kadiri unavyopanda. Vumbi jepesi nyuma yote, kwa sababu hewa hulirudisha kwenye mlango wa buti. Kabla ya vumbi kata tepu mbili za umbo la njia ya waipa, uzibandike kwenye kioo cha mbele, uziondoe mwishoni. Urefu wa njia hiyo upime kwenye waipa zenyewe, na kitovu cha mviringo wa kila njia kiwe pale waipa inapoota, siyo katikati ya kioo.

Keji na mikanda tutaandikiana ukishamaliza chesisi. Nitumie kwanza vipimo vya tairi na vya kati ya ekseli, pamoja na picha ya gari likiwa limefungwa kwa tepu, kutoka ubavuni, kamera ikiwa usawa wa rimu na mbali kidogo, maana simu ikikaribia hupindisha pua.

Nisalimie wote.

Wako,
Hamisi