Msimuulize mzazi kama ameshampenda mwanawe

Mhariri,

Kila yanapozungumzwa mambo ya uzazi hurudiwa kauli moja: mama akimtia tu mwanawe machoni, uchungu wote husahaulika na mapenzi hufurika. Wako ambao huwa hivyo. Mimi sikuwa hivyo, na kauli hiyo ilinitesa kuliko mshono.

Nilijifungua kwa upasuaji. Nilionyeshwa mtoto kwa mbali, akapelekwa chumba kingine, akaja kuletwa saa sita baadaye akiwa amefungwa kama kifurushi. Nilimtazama. Sikio moja lilikuwa limekunjika. Nikajiona kama jirani aliyeombwa amshike mtoto wa mwenzake mara moja tu. Wageni wakiniuliza, "Umeona raha ya kuitwa mama?" niliitikia, kisha usiku nalia ndani ya shuka.

Usiku wa tisa alichafua nguo zote, nami sikuwa na nguvu za kumvalisha nyingine. Nikamlaza kifuani vivyo hivyo, nikajifunika pamoja naye, nikakaa nimeegemea mto. Punde akaanza kwikwi. Kwikwi zile nilizijua! Miezi ya mwisho ya mimba zilikuwa zikinigonga chini ya kitovu saa zizo hizo za usiku, kwa mwendo ule ule. "Kumbe ni wewe," nikamwambia.

Baadaye mkunga alinieleza kwamba mtoto mchanga huona vizuri umbali wa sentimita 20 hadi 30 hivi, yaani kutoka kwenye titi hadi usoni kwa mama, na kwamba sauti ya mama huwa ameizoea tangu tumboni. Kwa hiyo yeye alikuwa ananijua. Mgeni nilikuwa mimi.

Ndiyo maana nasikitika bado kuna wodi zinazoona kumweka mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, ni jambo la hiari likipatikana nafasi. Shirika la Afya Duniani linataka lifanyike mara tu baada ya kuzaliwa, bila kukatizwa, mama na mtoto wakiwa na hali nzuri. Kumpima uzito kunaweza kungoja. Hata aliyepasuliwa anaweza kuwekewa mwanawe akishakuwa macho na hali yake imetulia. Na si mahaba matupu haya: mtindo wa kangaruu, yaani kumbeba mtoto kifuani ngozi kwa ngozi, ulianzia Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, mashine za watoto njiti zilipokuwa hazitoshi, na utafiti uliochapishwa mwaka 2021 kutoka hospitali za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania ulionyesha kuwa kuuanza mara moja kwa watoto wenye uzito mdogo kulipunguza vifo kwa robo. Baba naye ana kifua, isisahaulike.

Lakini nisieleweke vibaya. Aliyeikosa saa ile ya kwanza hajapoteza mtoto. Mimi niliipata siku ya tisa, na mwanangu huyo leo hanipi hata nafasi ya kuoga peke yangu.

Ninachowaomba wanaokwenda kumwona mzazi ni kidogo. Acheni kumzungusha mtoto mikononi mwa watu kumi kwa ajili ya picha. Msimuulize mama kama amempenda. Mwulizeni kama amelala, kama amekula. Machozi ya siku za mwanzo ni ya kawaida, ila yakipita wiki mbili, au akianza kusema mtoto angekuwa heri bila yeye, hiyo yaweza kuwa sonona, ugonjwa wa huzuni nzito. Mpelekeni kwa daktari upesi, msimwambie ajikaze.

Wa pili alilazwa kifuani pangu akiwa bado na unyevu. Nilimtazama, nikajisikia mchovu tu, na njaa. Safari hii sikuogopa. Nikamfunika mgongo, nikangoja kwikwi.

Mama wa watoto wawili