Siku ya korongoni, kwako uliye ndani

Moshi, Oktoba

Mwanangu mpenzi,

Juzi kwenye simu ulisema umechoka kushinda chumbani, siku ya 19 sasa tangu ujifungue, mpaka unawaonea wivu kuku wa nje. Maneno hayo yamenikaa moyoni. Basi nakuandikia siku yangu ya jana, uisome mtoto akilala.

Kipaimara kilikwisha salama. Nilibakiwa na siku moja kabla ya basi, shangazi yako akanichukua Materuni. Daladala ilituacha juu kijijini, tukashika njia ya vihambani. Kahawa imejificha chini ya migomba, na mfereji wa maji unakwenda nawe pembeni, ile mifongo waliyochimba wazee wa Kichaga. Hatukuwa na haraka. Kila tulipomwona ndege chozi ananing'inia kwenye ua la mgomba, tulisimama.

Ulipokuwa mdogo, nikisema korongo ulikuwa unamtafuta yule ndege wa miguu mirefu. Jana ningekushika mkono nikuonyeshe korongo la pili: njia inateremka, kuta za mawe zimevaa majani mabichi, na mwisho wake maporomoko yanayoanguka kama mita 80. Maji ya baridi hayo! Niliingiza vidole tu.

Lakini nililotaka kukuambia ni la ndege hondohondo. Wakati wa kurudi tulisikia mvumo juu ya miti, kama mtu anapepeta mchele kwenye ungo mkubwa. Ni mbawa zake. Akatua kwenye shina la mti mkubwa, penye tundu lililokandikwa udongo, limebaki ufa mwembamba tu. Jike yumo ndani. Hujifungia humo na mayai yake, miezi mitatu na zaidi. Dume ndiye humeza udongo, akauchanganya na mate, akamletea vidonge vidonge, naye jike hukandika mlango kutoka ndani. Kisha dume humlisha.

Nilimwona kwa macho yangu, mwanangu. Alicheua tunda moja akalipenyeza kwenye ufa, ncha ya mdomo ikatokea ndani ikalipokea. Tena. Tena. Nilihesabu matunda 14, shangazi akiwa amenishika bega wala hapumui. Nikamkumbuka mume wako na ile chupa ya uji anayokuletea kila asubuhi, machozi yakanitoka palepale njiani.

Mbega tuliwaona pia, na ndege mmoja wa kijani ambaye akiruka mbawa zinawaka nyekundu. Hao nitakusimulia nikiwa nimempakata mjukuu wangu.

Alhamisi nipo kwenu. Shangazi amekata mkungu mzima wa ndizi mshare kwa ajili ya mtori wako. Mwambie baba mtoto anipokee stendi, mzigo ni mzito.

Mama yako