Kaka, nipigie picha daftari la nyumba

Columbus, Ohio

Kaka Shee,

Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Natumai mama, wewe, shemeji na watoto hamjambo. Mimi mzima, alhamdulillahi, baridi imepungua na kazini kwema. Wabaadu.

Ile sauti uliyonitumia nimeisikiliza mara mbili. Boriti tatu za orofani zimeoza, fundi anataka laki mbili, na mimi mwenye dola nimenyamaza. Sikunyamaza, kaka. Nilikuwa nahangaika na nyumba hiyo hiyo aliyotuachia baba, Ramadhani nzima, kila usiku baada ya tarawehe, niko mbele ya kompyuta. Kodi unayopokea wewe kwa mpangaji na kodi ninayotoa mimi kwa serikali tumezipa jina moja, na mwaka huu zimekutana mezani kwangu.

Miaka minne nilikuwa nampa mtu wa dukani anijazie ritani, yaani fomu ya kodi ya mapato ya kila mwaka, dola 350 kila mara. Anauliza mshahara, anauliza kama nina watoto, basi. Kuna karatasi yao inaitwa Schedule B, chini yake kuna swali: una akaunti yoyote nchi ya nje? Aliweka hapana bila kuinua macho, nami nikatia saini. Kumbe akaunti ya nyumba ina jina langu pamoja na lako, tangu siku ile tulipokwenda benki nikiwa na tiketi ya kurudi mkobani. Na usidhani ni huu uraia niliouapia mwaka juzi ulioniletea haya. Kadi ya kijani, ile ya ukaazi, ilikuwa imeshanifunga zamani. Paspoti ya buluu imenipunguzia foleni za uwanja wa ndege tu, na picha yake mmeiona.

Basi nikasema najaza mwenyewe. Kwanza nilitafuta programu moja ya kunimalizia Marekani na Kenya kwa pamoja. Sikuipata, kila moja inajua serikali moja. Zipo kama MyExpatTaxes, ila hizo ni za Wamarekani waliohamia nje, na mengi wanayouliza ni ya Fomu 2555, ya mtu anayepata mshahara wake ng'ambo. Mimi ni kinyume chao: mwili uko Ohio, nyumba iko Mkomani. TurboTax ina fomu nilizozitaka, lakini ukiwa na nyumba ya kupangisha lazima ulipie, na ripoti ya akaunti za nje, ile FBAR, haikupelekei. Unaipeleka mwenyewe FinCEN, idara ya Hazina yao inayofuatilia fedha, bure. Nikaishia FreeTaxUSA, ambayo ritani ya taifa haitozi kitu, unalipia ya jimbo tu. Ila si bei iliyonivuta. Nilitazama fomu mbili: Schedule E ya pato la nyumba, na 1116 ya kupunguziwa kodi uliyokwisha kulipa nchi nyingine. Marekani na Kenya hazina mkataba wa kodi ya mapato, kwa hiyo asiyejua 1116 hukatwa kotekote.

Na acha nijisifu kidogo, maana huko hakuna atakayenisifu. Mimi uliyekuwa ukinifanyia hesabu za darasa la saba, sasa wenzangu wa kazini, wazaliwa wa hapa, wananiletea karatasi zao wakati wa chakula. Hata mji huu una kodi yake wenyewe, asilimia 2.5 ya mshahara, mbali na jimbo na taifa. Zote nimezipitia.

Lakini nyumba ilinishinda pale pale mwanzo. Wanataka anwani, mtaa na namba. Namba gani, kaka? Nyumba yetu hutajwa kwa mlango wake na kwa mti wa jirani. Nikaandika Mkomani, Lamu, nikaendelea. Halafu wanauliza ilipangishwa siku ngapi, na siku ngapi mmeitumia wenyewe. Nikakumbuka mpangaji alipokwenda likizo ukawalaza orofani wageni wa Maulidi. Zile ni siku za matumizi ya familia. Nimeandika tisa. Kama zilikuwa kumi niambie.

Mwenye ubia huandika sehemu yake peke yake, nikaitoa karatasi ya Kadhi kwenye bahasha. Mama thumuni, yaani tatu katika 24, wewe 14, mimi saba. Kodi ya orofani ni 35,000 kwa mwezi, mwaka 420,000. Gawa kwa 24 upate 17,500, zidisha kwa saba upate 122,500. Nilirudia mara tatu, sikuamini mirathi inaweza kutoka safi namna ile bila hata senti kubaki. Ni kama dola 950.

Kaka, hizo 122,500 Marekani inajua kwamba nimezipata. Mimi sijazipata.

Sikusudii kukukosea adabu. Najua kuna maji, kuna stima, kuna dawa za mama, na kuna punda yule ambaye kila mwaka ni mgonjwa. Ila mimi nataka maandishi. Bila risiti, kila shilingi uliyotumia kwenye nyumba ile kwangu ni faida, na faida hukatwa. Na hizo boriti: zikibadilishwa tatu ni matengenezo, nazitoa mwaka huu huu. Dari zima likifumuliwa na kujengwa upya ni jambo jingine, linagawanywa kwa miaka 30. Kwa hiyo fundi aandike boriti ngapi za mikoko, chokaa kiasi gani, na ujira wake kando. Asiandike "kazi ya nyumba" kama alivyofanya kwenye kisima.

Uliniambia kwa simu, wao watajuaje. Tangu ile sheria ya FATCA ya 2010, benki nyingi za nje huwapelekea Wamarekani habari za akaunti za watu wao. Na zile fedha za shamba la Hindi, kule bara ya Lamu, shilingi milioni moja na laki sita, zilipopita katika akaunti ile zilikaa siku nne. Siku nne zatosha. Akaunti zako za nje zikivuka dola 10,000 kwa jumla hata siku moja, FBAR inakuhusu, na akaunti ya ubia huandikwa yote, hata kama fedha si zako. Sikupata hata senti ya shamba lile, lakini nimeliripoti. Nimecheka peke yangu.

Kwa upande wa Kenya sikuwa na la kuchagua, ni iTax, tovuti ya KRA, mamlaka ya mapato, na mwisho ni 30 Juni. Unapakua faili la Excel, unaruhusu makro, unajaza, likikubali linakupa zip unaipandisha tena. Likikataa linakuonyesha makosa mekundu kama tui lililokatika. Mwaka jana sikukanyaga nyumbani hata siku moja, kwa hiyo fomu yangu ni ya mtu asiye mkaazi. Ningekuja hata kwa siku tatu za Maulidi, na makazi ya kudumu ninayo, wangenihesabu mkaazi. Niliitazama ile orodha ya kuchagua kwa muda, mkaazi, asiye mkaazi, kidole kikiwa juu ya kipanya. Mimi niliyezaliwa chumba cha ndani mle.

Mkaazi hukatwa 7.5 kwa mia kodi yake ya nyumba ikizidi 288,000 kwa mwaka. Sehemu yako ni 245,000 na ya mama 52,500, hazifiki, labda uwe na nyumba nyingine nisiyoijua. Mimi asiye mkaazi ni 30 kwa mia tangu shilingi ya kwanza, 36,750. Hizo uzilipe kutoka kwenye sehemu yangu iliyoko kwako, unitumie risiti ya KRA niiweke kwenye 1116. Huku nimeomba muda kwa Fomu 4868, ninao hadi 15 Oktoba. Nilichokadiria nimekwisha kulipa Aprili, kwani muda wanaokupa ni wa kujaza, kulipa hakungoji.

Bado kisanduku kimoja kitupu. Mrithi akitaka kuhesabu uchakavu wa nyumba kama gharama huanzia thamani yake siku aliyofariki mwenye nyumba, bila ardhi. Nikaandika tarehe ya baba. Wakataka bei. Nikafunga kompyuta nikaenda kukanda mahamri, saa saba za usiku, kwa iliki ya dukani isiyonukia kitu. Zile zidaka za ukutani baba alizokuwa akizipaka chokaa kila mfunguo mosi, amesimama juu ya kigoda, mimi nimeshika ndoo. Dola ngapi?

Pesa za boriti: saba katika 24 ya laki mbili ni 58,333. Ijumaa natuma 60,000, zinazozidi mnunulieni mama halwa. Wala sizikati kwenye zile 122,500. Hizo tutazungumza.

Daftari nipigie picha kila ukurasa, hata ule uliomwagikiwa chai. Na mwulize mama, akiwa ametulia baada ya laasiri, yule Mzungu aliyekuja na dalali kutaka kuinunua nyumba, miezi michache kabla baba hajafariki, alitaja bei gani. Mthamini nitamtafuta, lakini lazima awe na pa kuanzia. Mimi nakumbuka baba alivyocheka tu, na kahawa ya mgeni ikapoa. Bei mama anaijua.

Dada yako,
Mwanaisha